Kisanduku cha Tarehe Kumi na Tisa

Mafua yaliingia kama mgeni wa "napita tu",
yakavua viatu,
yakauliza jioni tunakula nini.
Jumapili koo. Jumatatu pua.
Jumatano alfajiri yalishuka kifuani
na virago vyao vyote.

Na mimi nina daftari.
Visanduku mia moja na ishirini, nimevichora kwa rula
tangu Novemba, kabla ziwa halijaganda,
hadi siku ya mbio: kilomita sitini juu ya skii,
kutoka kinu cha zamani hadi kengele ya Võru.
Kumi na nane. Ishirini na mbili.
Thelathini na moja, upepo usoni, nyusi zimekuwa sindano.
Nilianza kwa kilomita tatu na machozi.
Usinihubirie haba na haba;
kibaba changu naujua uzito wake.

Heldur ananitazama nikifunga kamba za viatu.
Miaka kumi na sita na mwanamke mbishi,
anajua lini kusema ni kumpigia mbuzi gitaa.
Ananyoosha tu kipimajoto.

Thelathini na nane na nusu.

"Tano tu," namwambia. "Polepole. Nipashe mwili."
"Mwili umeshapashwa," anasema.

Nilitoka.
Sitaficha: nilitoka.
Theluji ililia chini yangu kama bawaba kavu,
misonobari imesimama, kila mmoja na mzigo wake begani,
na mita mia nne kutoka lango letu
moyo ukapanda hadi masikioni,
ukagonga, ukagonga, mwenye nyumba anadai kodi.
Nikaegemea fimbo zangu mbili.
Nikakohoa kitu cha rangi ya haradali kwenye weupe wote ule,
nikakifukia kwa ncha ya skii, mithili ya paka,
nikaona haya, ingawa hapakuwa na mtu.
Kurudi kulinichukua dakika ishirini.
Hizo sikuziandika.

Kitendawili.
Tega.
Mtumishi wangu nimempa likizo, bado yuko shambani.
Moyo.
Usiku ule niliuhesabu, kidole shingoni, blanketi kidevuni:
themanini na nne, nami nimelala chali.
Siku za heri huwa arobaini na nane.
Kumbe nilikuwa mbioni!
Nilikuwa nakwea kilima fulani tangu Jumatano
bila kuinua mguu,
na punda huyohuyo nikamtaka abebe gunia la pili.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki:
mimi ni mwoka mikate.
Miaka ishirini nawapiga wanagenzi vidole kwa mwiko:
Ondoa mkono! Donge limelala, liache lilale,
linafanya kazi, hulioni tu.
Taavi aliwahi kulikatiza usingizi.
Siku ile tuliuza matofali.
Na mimi, donge la kilo sitini na moja,
nani wa kunipiga vidole?

Siku ya tano Urve wa jirani alipita dirishani,
suruali nyekundu, fimbo zikimeta.
Akanipungia. Nikampungia.
Nusu ya moyo ilimtakia mema;
nusu nyingine ilimtakia nta mbaya.

Leo ni ya saba. Kikohozi kinahama kwa awamu,
sufuria moja, kiti kimoja.
Mbio zimebaki siku kumi na mbili.
Sijui. Huenda nikaisikia kengele,
huenda nikaishia njiani,
huenda nikasimama kando na chupa ya chai
nikimpigia Urve makofi, Mungu anisaidie.

Nimechukua kalamu.
Visanduku sita vitupu vinanikodolea,
mapengo kinywani mwa mtoto.
Lakini pengo la mtoto lina jino chini yake.
Cha tarehe kumi na tisa nimekijaza kwa wino:
Kulala, saa kumi na moja. Supu. Mapigo hamsini na tano.
Kisha nikasita,
na kwenye safu ya kilomita nikaandika: moja.
Ya chooni na kurudi, jumla ya wiki.
Sidhani nimeongeza sana.